Je, kuongezewa damu wakati wa upasuaji wa saratani kunaweza kuufanya ugonjwa urudi?

Kitindamimba anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, amegundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana upande wa kulia, na amepangiwa upasuaji baada ya wiki tano. Picha zinaonyesha kwamba ugonjwa haujafika kwenye ini wala mapafu, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini wingi wake wa damu (himoglobini) ni gramu 8.6 tu kwa desilita, na daktari ametuambia tujiandae kwa uwezekano wa kuongezewa damu kabla ya upasuaji au akiwa mezani.

Kilichonifanya niandike ni mvutano uliozuka nyumbani. Kaka yangu amesoma kwamba wagonjwa wa saratani wanaoongezewa damu wakati wa upasuaji hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi na huishi muda mfupi zaidi kuliko wasioongezewa, na sasa anamshauri mama akatae damu kwa maandishi. Mama amenyamaza, akisubiri sisi watoto tukubaliane, na mimi sipendi tuamue jambo zito namna hii kwa hofu. Ningependa kufahamu kama madai hayo yana ukweli, na kama yanao, ni damu yenyewe inayodhuru au kuna jambo jingine nyuma yake. Vilevile, sisi watoto tuko wanne wenye afya njema: je, damu yetu haitakuwa salama zaidi kwake kuliko ya watu tusiowajua?

Usingizi Salama anajibu:

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mama salamu zetu za heri. Mimi ni daktari wa usingizi, na kwa miaka kumi na miwili sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa na wagonjwa wa saratani za tumbo, kwa hiyo swali lenu ni lile ninalojiuliza mwenyewe kila ninapotundika mfuko wa damu.

Kaka yako hajakosea aliposoma kwamba uhusiano upo. Umeonekana katika tafiti nyingi, na mtu anayewaambia kwamba ni uvumi mtupu hawatendei haki. Kosa liko kwenye hatua ya pili, ya kutoka kwenye uhusiano huo na kufikia uamuzi wa kukataa damu.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye figo. Mwaka 1973 Gerhard Opelz na wenzake walieleza kwamba wagonjwa waliokuwa wameongezewa damu kabla ya kupandikizwa figo walidumu na figo hiyo vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuwahi kuongezewa, maana yake damu ya mtu mwingine ikiingia mwilini huipoza kinga kwa kiasi fulani, ikapunguza ukali wa kukishambulia kiungo kigeni. Kwa mwenye figo mpya hiyo ni neema. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo tunayoitegemea kuziwinda seli chache za saratani zilizobaki mwilini, au zilizoponyoka na kuingia kwenye mishipa wakati uvimbe unashikwashikwa na kukatwa, na ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari walianza kuuliza kama neema ya huku haiwi hasara kule. Mwaka 1982 Burrows na Tartter waliandika kwamba wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana walioongezewa damu walirudiwa na ugonjwa zaidi ya wenzao. Tangu hapo tafiti za aina hiyo zimerundikana, na mwaka 2006 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 36 zenye wagonjwa 12,127 wa saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo), yakakuta uwiano wa uwezekano wa ugonjwa kurudi kuwa 1.42 kwa walioongezewa damu, ambapo 1 ingemaanisha hakuna tofauti. Huenda hiyo ndiyo namba aliyoiona kaka yako. Hata hivyo waandishi wa mapitio hayo walijizuia kusema kwamba damu ndiyo chanzo, kwa kuwa tafiti walizozikusanya zilitofautiana mno.

Sasa tujiulize ni nani anayeongezewa damu chumba cha upasuaji. Ni yule ambaye uvimbe wake ni mkubwa au umeng'ang'ania viungo vya jirani, ambaye upasuaji wake umechukua saa nyingi, ambaye ugonjwa umekuwa ukimnyonya damu kidogo kidogo kwa miezi, ambaye ni mzee au ana maradhi mengine ya moyo na figo. Mgonjwa huyo alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na saratani kabla hata mfuko wa kwanza haujaletwa. Watafiti hujaribu kuyaondoa mambo hayo kwa hesabu za takwimu, lakini hesabu huondoa kile tu kilichoandikwa kwenye jalada, na mengi ambayo daktari wa upasuaji huyaona kwa macho na kuyahisi kwa vidole hayaandikwi.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa Uholanzi uliochapishwa na Busch na wenzake mwaka 1993. Wagonjwa 475 wa saratani ya utumbo mpana na puru waligawanywa kwa bahati nasibu: wa kundi moja, wakihitaji damu, wapewe ya wachangiaji, wa kundi la pili wapewe damu yao wenyewe waliyoitoa na kuihifadhi kabla ya upasuaji. Baada ya miaka minne, waliokuwa wamenusurika na saratani hiyo walikuwa asilimia 67 katika kundi la damu ya wachangiaji na asilimia 62 katika kundi la damu yao wenyewe, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba waliolazimika kuongezewa damu, iwe yao au ya watu wengine, walirudiwa na ugonjwa zaidi ya wale ambao hawakuhitaji damu kabisa. Kama damu ya mgeni ingekuwa ndiyo sumu, damu ya mgonjwa mwenyewe isingeambatana na hasara ileile. Kwa uaminifu nitaje pia kwamba jaribio dogo la Ujerumani la mwaka 1994, lenye wagonjwa 120, lilielekea upande wa pili na kuipa damu ya mgonjwa mwenyewe nafasi nzuri zaidi, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Mimi, nikiyapima yote, naamini kwamba sehemu kubwa ya uhusiano ule inatokana na sababu zilizofanya damu ihitajike, na kwamba sehemu inayotokana na damu yenyewe, kama ipo, ni ndogo.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo huenda kaka yako hakulikuta: kunyimwa damu nako kuna gharama yake. Madaktari wa Brazil walichapisha mwaka 2015 jaribio la wagonjwa 198 waliolazwa chumba cha mahututi baada ya upasuaji mkubwa wa saratani ya tumbo. Kundi moja liliongezewa damu pale tu himoglobini iliposhuka chini ya gramu 7, na jingine chini ya gramu 9. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 22.8 ya wale waliobaniwa damu, na asilimia 8.2 ya wenzao. Ni jaribio la hospitali moja, na jaribio kubwa la Kanada la mwaka 1999, lililokuwa na wagonjwa mahututi 838 wa magonjwa mbalimbali, halikuona madhara ya kusubiri hadi gramu 7. Lakini linatosha kutufundisha kwamba mwili wa mgonjwa wa saratani aliyetoka kupasuliwa usibanwe kupita kiasi.

Kwa hiyo nawasihi mama asisaini karatasi ya kukataa damu kwa sababu hii. Mshipa ukipasuka mezani, dakika chache ndizo zinazoamua, na karatasi ile itatufunga mikono sote tuliosimama pale tukitaka kumsaidia. Mnachopaswa kukipigania ni asiihitaji, au ahitaji kidogo, na wiki tano mlizonazo ni muda wa thamani. Ulizeni leo, msisubiri siku ya kulazwa, kwamba upungufu wake wa damu unatibiwaje.

Chupa ya Uhai anajibu:

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema daktari, nami nijibu lile swali la watoto wanne kwa kuwa nafanya kazi maabara ya benki ya damu na hulisikia karibu kila wiki.

Dada au kaka, upendo wenu ni mkubwa, lakini damu ya mtoto kwa mzazi wake haina usalama wa ziada. Kuna hatari moja ambayo huongezeka hasa kwa sababu ni damu ya ndugu wa karibu. Ndani ya damu iliyochangwa hubaki chembe nyeupe hai za mchangiaji. Zikitoka kwa mtu baki, kinga ya mgonjwa huzitambua kuwa ngeni na kuziangamiza. Zikitoka kwa mtoto wake, zinaweza kufanana naye kiasi cha kupita bila kutambuliwa, zikatulia, zikaongezeka, kisha zikaanza kuushambulia mwili uliozipokea: ngozi, ini, utumbo na uboho. Hutokea kwa nadra sana, lakini anayepatwa kwa kawaida haponi. Ndiyo maana damu ya ndugu wa karibu, pale inapolazimika kutumika, hupitishwa kwanza kwenye mionzi ili chembe hizo zisiweze kuzaana. Njia nzuri ni ninyi wanne kuchangia kwenye hazina ya jumla, na mama apewe damu iliyolingana naye kutoka hazina hiyohiyo, ikiwa imepimwa na kulinganishwa kwa utaratibu wa kawaida.

Chembe nyeupe hizohizo ndizo zinazoshukiwa zaidi katika suala la kupoza kinga alilolieleza daktari, pamoja na kemikali zinazovuja kutoka kwenye chembe wakati damu inakaa kwenye jokofu. Kwa hiyo nchi kadhaa, Uingereza na Kanada zikiwamo tangu mwaka 1999, huichuja damu yote na kuziondoa chembe nyeupe karibu zote kabla ya kuihifadhi. Uingereza ilianza kwa hofu ya ugonjwa wa ubongo uliohusishwa na ng'ombe, si kwa sababu ya saratani, lakini faida haichagui sababu: homa baada ya kuongezewa damu hupungua, na mwili wa mgonjwa hauzoei kutengeneza silaha dhidi ya damu za watu. Nilitaje hili kwa kuwa tafiti nyingi za zamani zinazotisha zilifanyika kwa damu isiyochujwa, na hazifai kuhamishwa moja kwa moja hadi kwenye damu ya leo. Waulizeni hospitalini kama damu yao huchujwa. Ni swali la haki kabisa kuuliza.

Watu wengine huomba damu mpya, iliyotolewa jana au juzi. Chembe nyekundu huweza kuhifadhiwa hadi siku 42 katika ubaridi wa nyuzi kati ya 2 na 6, na jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2016, lenye zaidi ya wagonjwa 20,000 wa hospitali, halikuona tofauti ya vifo kati ya waliopewa damu mpya na waliopewa iliyokaa. Msipoteze nguvu zenu hapo.

Mwaka wa Sita anajibu:

Mimi si mtaalamu. Ni mgonjwa niliyepasuliwa utumbo mpana miaka sita iliyopita, nikaongezewa mifuko miwili ya damu usiku wa kuamkia siku ya pili kwa sababu presha ilikuwa inashuka na nilikuwa nimepoteza damu nyingi. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na makala kama aliyoisoma kaka yako, na nakiri kwamba tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kwenye kipimo cha ufuatiliaji, niliibeba ile mifuko miwili moyoni kama deni ambalo siku moja ningedaiwa. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba watu wanaohitaji damu huwa tayari ni wagonjwa zaidi. Ningeelezwa hivyo mapema, ningelala usingizi kwa miaka ile.

Kinachoniuma hadi leo ni kitu kingine. Kwa karibu mwaka mzima kabla ya kugunduliwa nilikuwa nikihema nikipanda ngazi, na kliniki niliyokuwa nikihudhuria ilinipima, ikaona damu imepungua, ikanipa vidonge vya kuongeza damu bila kuuliza damu hiyo inakwenda wapi. Nilifika kwenye upasuaji nikiwa na himoglobini ya 7.9. Mama yako bado ana wiki tano. Mimi nilikuwa na siku tatu. Zitumieni.

Kitindamimba anaandika tena:

Nawashukuru sana. Nimewasomea mama na kaka majibu yote, na kaka alinyamaza kwa muda mrefu alipofika kwenye ule utafiti wa damu ya mtu mwenyewe. Sasa ametulia kuhusu karatasi, ila ameuliza maswali matatu ambayo naomba niyalete kwenu: kama madini chuma ya kudungwa yatatosha kumwondolea mama haja ya kuongezewa damu, kama ile homoni ya kuongeza damu inayotumiwa na wagonjwa wa figo inaweza kumsaidia, na kama mashine ya kukusanya damu inayomwagika na kuirudisha mwilini inaruhusiwa kwa mwenye saratani.

Usingizi Salama anajibu:

Maswali ya kaka ni mazuri, na naona ameanza kuuliza kama mtu anayetaka kumlinda mama kwa njia inayowezekana.

Kuhusu madini chuma, kwanza apimwe feritini (protini inayoonyesha akiba ya madini chuma mwilini) na kiwango cha madini chuma kwenye damu, kwa sababu uvimbe wa utumbo mpana upande wa kulia una tabia ya kuvuja damu polepole bila kuonekana kwenye choo, na mwili huishiwa akiba. Akikutwa ameishiwa, vidonge huhitaji wiki kadhaa na si kila tumbo huvivumilia. Dawa ya kudungwa kwenye mshipa huijaza akiba haraka zaidi, na kwa muda mlionao ndiyo ningeipendekeza. Lakini sitaki mjenge matumaini kupita kiasi. Jaribio la PREVENTT la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 487 wenye upungufu wa damu waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa tumbo, halikuona kwamba dawa hiyo ilipunguza kuongezewa damu wala vifo, ingawa himoglobini yao ilikuwa juu zaidi wiki nane baada ya upasuaji. Jaribio hilo liliwaingiza wagonjwa bila kujali kama upungufu wao ulitokana na kukosa madini chuma, na hapo ndipo ninapoona nafasi ya mama yenu kufaidika kuliko wastani wa wagonjwa wale. Ni nafasi, si ahadi.

Homoni ya erithropoietini tuiweke kando. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali baada ya majaribio kadhaa kuonyesha kwamba wagonjwa wa saratani walioitumia walipata damu kuganda kwenye mishipa mara nyingi zaidi, na katika baadhi ya saratani uvimbe uliendelea kukua au maisha yakafupika. Kwa mama ambaye upasuaji wake unalenga kumponya, nisingeigusa.

Mashine ya kurudisha damu iliogopwa kwa miaka mingi kwa hofu kwamba ingezirudisha seli za saratani pamoja na damu. Leo vipo vituo vinavyoitumia kwa wagonjwa wa saratani, damu ikipitishwa kwenye chujio la chembe nyeupe ambalo hunasa pia seli nyingi za uvimbe. Hata hivyo, kwenye upasuaji wa utumbo kuna kikwazo kingine, kwamba damu ikichanganyika na uchafu wa utumbo haifai kurudishwa, kwa hiyo kwa mama haitakuwa chaguo la kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo kaka hakuyauliza, nami ningeyaweka juu ya hayo matatu. La kwanza ni dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, ambayo huzuia bonge la damu lililokwisha kuziba jeraha lisiyeyuke mapema. Katika jaribio la POISE-3 la mwaka 2022, lenye wagonjwa 9,535 waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo, damu kuvuja kwa kiwango cha hatari kulitokea kwa asilimia 9.1 ya walioipata na asilimia 11.7 ya wasioipata. Ni dawa ya bei nafuu na ya siku nyingi, ila mama akiwa amewahi kupata bonge la damu mguuni au kiharusi, semeni mapema ili timu ipime upya. La pili ni utaratibu wa mfuko mmoja mmoja. Mgonjwa asiyevuja damu kwa kasi apewe mfuko mmoja, ambao kwa kawaida huongeza himoglobini kwa takribani gramu 1 kwa desilita, kisha apimwe na kuangaliwa kabla ya kufikiria wa pili, kwa kuwa ile desturi ya zamani ya kuagiza miwili kwa pamoja iliwafanya wengi wapokee damu ambayo hawakuihitaji.

Nendeni kwenye kliniki ya maandalizi ya upasuaji na muulize, kwa maneno haya, ni kiwango gani cha himoglobini kitakachomfanya mama aongezewe damu na kwa sababu gani. Daktari aliyefikiria atawajibu bila kukasirika.

Kitindamimba anaandika tena:

Asante, daktari, na asanteni nyote. Mama amesikiliza mpaka mwisho na ndiye aliyesema la kwanza: kwamba damu atakubali ikihitajika, lakini anataka aulizwe kwa kila mfuko akiwa macho. Kesho asubuhi anakwenda kupimwa feritini, na kaka ndiye atakayempeleka. Mama hajawahi kupata bonge la damu, ila mwaka juzi mguu wake wa kushoto ulivimba kwa wiki mbili na haukuchunguzwa. Nimeliandika juu kabisa ya orodha yetu ya maswali.